Rubani wa ndege binafsi, daftari lako la vipimo liko wapi?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenye ndege binafsi, wale wa injini moja au mbili wanaojirukia wenyewe baina ya Unguja, Pemba na Bara. Tunalotaka kulisema ni jambo dogo ambalo aghlabu hufanywa nusu nusu. Vipimo vya vyombo vya urambazaji hufanywa ila haviandikwi, au huandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo hawezi kujua kilipimwa nini, wapi, na kilikosea kiasi gani.

Wauza duka husema mali bila daftari hupotea bila habari. Usahihi wa redio ya ndege nao ni mali ya namna hiyo. Redio haifi kwa kishindo. Huanza kukosea digrii 1, ikakaa hivyo miezi miwili mitatu, ikafika 2, kisha siku moja plagi iliyoota kutu ikatikiswa na mtuo mgumu na kosa likaruka mpaka 7. Rubani ambaye kila mara hutazama akasema "iko sawa" hana njia ya kuuona mwendo huo. Anayeandika nambari anauona, kama mvuvi anavyoona maji yakijaa kwa kutazama kijiti alichokichomeka ufukweni.

Mashirika yanayobeba abiria yana ofisi ya matengenezo, na katika ofisi hiyo yumo mtu ambaye kazi yake ni karatasi. Mwenye ndege binafsi ndiye ofisi, ndiye mtu wa karatasi, na mara nyingine ndiye anayepanda ngazi kutia mafuta. Kwa hivyo barua hii ni yake.

Tuanze na VOR, mfumo wa redio unaomwonyesha rubani yuko upande gani wa kituo cha ardhini, kwani huko ndiko kurasa zinakobaki tupu zaidi. Kituo cha VOR kilichoko ardhini hurusha ishara mbili kwa pamoja, katika masafa ya kati ya megahezi 108 na 117.95. Ishara ya kwanza ni ile ile kila upande. Ya pili hubadilika kufuatana na upande alipo mpokeaji. Kwa aliyeko kaskazini ya sumaku ya kituo mapigo ya ishara hizo hulingana, na kadiri anavyozunguka kituo ndivyo yanavyoachana. Redio ndani ya ndege hupima kuachana huko na kukugeuza kuwa digrii: uko kwenye mstari wa 030 kutoka kituoni, au 185, au popote ulipo. Sasa chochote kinachoichafua ishara njiani, iwe antena, waya au saketi ya ndani, nacho humfikia rubani kikiwa kimevaa sura ya digrii. Bendera ya onyo kwenye saa yenye mshale, mbele ya rubani, hujitokeza ishara inapokuwa dhaifu mno au inapokosekana kabisa. Kosa la digrii 5 haliiamshi bendera hiyo, na mshale uliokosea hauna tofauti yoyote kwa macho na mshale ulio sahihi.

Digrii 5 au 6 ni kitu gani? Kwa umbali wa maili 60 za baharini, kila digrii 1 inakutoa nje ya njia kwa maili 1 hivi. Kutoka uwanja wa Kiembe Samaki, Unguja, mpaka uwanja wa Pemba ni karibu maili 68. Anayefuata mstari wenye kosa la digrii 6 atafika usawa wa Chake Chake akiwa pembeni kwa karibu maili 7, sawa na kilomita 13. Kisiwa chenyewe cha Pemba, pale kilipo kipana kabisa, ni kama kilomita 22. Mchana wa kaskazi, hewa ikiwa safi, hilo halina neno. Utaiona Misali, utaiona Mkoani, utajirekebisha. Jioni ya masika, wingu likiwa limeshuka na mvua imefunga mbele, upande mmoja wa kosa hilo ni mkondo wa Pemba na upande wa pili ni bahari kuu isiyo na kitu.

Ama kanuni, kila ndege hufuata za nchi ilikosajiliwa pamoja na za nchi inamoruka. Zenye alama ya usajili ya 5H ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na hao ndio wa kuulizwa juu ya muda na fomu zao. Lakini sheria ya Marekani nayo inafaa kujulikana, kwa sababu vitabu vingi vya ndege ndogo vimeandikwa huko, na ndege yenye alama ya N hubanwa nayo hata ikilala Kiembe Samaki. Kifungu cha 91.171 cha kanuni za anga za Marekani kinataka ndege inayoruka kwa kutegemea vyombo, ikitumia VOR, iwe imepimwa redio hiyo ndani ya siku 30 zilizotangulia na kukutwa ndani ya kiwango. Aliyepima aandike vitu vinne: tarehe, mahali, kiasi cha kosa la digrii, na saini yake. Basi. Hahitajiwi fundi kwa kipimo hicho, rubani mwenyewe anatosha. Wanaoruka kwa macho hawaguswi na kifungu hicho, ingawa wingu halimuulizi mtu alijaza mpango gani wa safari.

Na siku 30 si mwezi. Kipimo cha tarehe 1 Machi kinaishia tarehe 31 Machi. Anayehesabu "tarehe moja mpaka tarehe moja" atakuwa ameruka siku moja bila kipimo halali, na kwa miezi yenye siku 31 kosa hili hujirudia mwaka mzima bila kuonekana, kwa kuwa kwenye daftari tarehe zimejipanga vizuri.

Viwango vyenyewe ni hivi. Ukipima ardhini, mahali palipotengwa rasmi kwa kazi hiyo, kosa lisizidi digrii 4 upande wowote. Ukipima hewani juu ya alama iliyoainishwa, unaruhusiwa mpaka 6, maana kuwa juu ya alama kwa mwendo wa fundo 100 si sawa na kusimama juu yake. Ukilinganisha redio mbili ndani ya ndege moja, tofauti yao isizidi 4. Marekani pia kuna vituo maalumu vya majaribio vinavyoitwa VOT, ambavyo humpa kila mpokeaji ishara ile ile popote alipo kiwanjani: mshale ukae katikati kwenye 0 dirisha dogo la saa likionyesha FROM (kutoka kituoni), au kwenye 180 likionyesha TO (kwenda kituoni). Anayezoea kuzisoma nambari za VOT asije akadhani kituo cha kawaida nacho kitampa hizo hizo.

Kwa mwenye redio mbili, njia nyepesi ni kuzilinganisha. Ziweke zote kwenye masafa ya kituo kimoja, uzisikilize moja moja mlio wa herufi za Morse za kituo hicho. Mlio ukikosekana, acha kipimo hapo hapo, kwani huenda kituo kiko kwenye matengenezo na ishara unayoipata haina dhamana. Zungusha kifundo cha OBS, kile cha kuchagulia mstari, cha redio ya kwanza mpaka mshale usimame katikati, dirisha likionyesha FROM, kisha andika nambari kabla hujaigusa redio ya pili. Fanya hivyo hivyo kwa ya pili, nayo ionyeshe FROM. Toa nambari moja katika nyingine. Wako wanaoziweka redio zote kwenye nambari moja na kukadiria mshale wa pili umekaa kando kiasi gani. Hesabu yake si mbaya, kwa kuwa kila nukta kwenye saa hiyo ni digrii 2 na ukingoni ni digrii 10, lakini jicho linalotazama kwa pembeni hudanganya, na mtu wa kiti cha kulia huona jingine.

Hapa pana mtego ambao daftari zuri haliupuuzi. Kwenye ndege ndogo nyingi redio zote mbili hunywa kwenye antena moja, ile yenye masharubu mawili mkiani, kupitia kigawanyo kimoja. Kanuni ya Marekani inaruhusu hilo: redio zinatakiwa zisitegemeane isipokuwa kwenye antena. Lakini antena ikiharibika, redio zote mbili hukosea pamoja, na mashahidi wawili waliosikia habari kwa mtu mmoja hawawi mashahidi wawili. Tofauti yao itakuwa digrii 0 huku kila moja ikiwa imekosea 5. Ushauri wetu ni kwamba katika kila vipimo vitatu vya kulinganisha, kimoja kifanywe dhidi ya kitu cha nje kisichohama, ardhini au hewani, na kwenye safu ya mahali kiandikwe wazi kuwa kilikuwa cha namna gani.

Hewani, kanuni hiyo inataka alama ya ardhini inayoonekana vizuri, iliyo chini ya mstari wa katikati wa njia ya anga, ikiwezekana zaidi ya maili 20 kutoka kituoni, nawe uwe umeruka chini kiasi ili ujue kwa hakika uko juu yake. Minara yetu ya taa inavutia kwa kazi hii. Ule wa Nungwi uko kama maili 30 kaskazini ya uwanja wa Kiembe Samaki, na wa Kigomasha umesimama kwenye ncha ya kaskazini ya Pemba, wala hakuna anayeweza kuukosa. Kwa kufuatilia mwenendo wa redio mwezi hadi mwezi, mnara wowote unafaa, mradi uwe ule ule kila mara. Kwa kipimo cha kujaza sharti la kanuni, rudi kwenye ramani ya anga uhakikishe kwamba alama yako iko kweli chini ya njia.

Siku hizi redio nyingi zimeunganishwa na GPS katika sanduku moja, na kosa tunalolikuta zaidi kwenye daftari za ndege hizo ni kipimo cha VOR kilichofanywa mshale ukiwa unaongozwa na GPS. Swichi ya chanzo cha mshale haikubadilishwa. Rubani anaweka kituo, anaona mshale uko katikati kama umepigwa msumari, anaandika 0, anatia saini. Amepima setilaiti. Dalili yake kwenye daftari ni sifuri mfululizo, ukurasa mzima, redio ya kwanza tu, wakati ya pili ambayo haina GPS inaonyesha mara 1 mara 2. Redio hai ya VOR haitoi sifuri kila mwezi. Tukiiona safu ya sifuri tupu tunajua ama swichi ilisahauliwa, ama ukurasa mzima ulijazwa siku moja kwa kalamu moja.

Kutumia GPS kama kipimo cha kulinganishia je? Haimo katika njia zilizotajwa na kifungu cha 91.171, lakini kwa elimu ya mwenyewe si haramu. Ila ukikuta tofauti ya digrii 1 au 2 usikimbilie kuifungua redio. Kituo cha VOR huelekezwa kwenye kaskazini ya sumaku ya wakati kilipowekwa au kilipopangwa upya mara ya mwisho, na kaskazini ya sumaku huhama mwaka hadi mwaka. GPS hutumia hesabu ya sumaku iliyomo kwenye programu yake. Kila kimoja kinasema kweli kwa kaskazini yake. Andika tofauti, uangalie inabaki pale pale au inatembea.

Mshale unaotetemeka nao una habari yake. Mizunguko fulani ya propela huweza kuutikisa mshale wa VOR hata digrii 6 huku na huku, kwa kuwa mapanga hukata ishara kwa mwendo unaokaribiana na mapigo yake. Ongeza au punguza mizunguko kidogo, utatulia. Kwa sababu hiyo tunaomba mizunguko ya injini iandikwe kwenye kila kipimo cha hewani. Vilevile pa kusimama ardhini pachaguliwe: karibu na hanga la mabati, tangi la mafuta au ndege kubwa, ishara hugonga chuma na kurudi, redio ikapokea kitu na mwangwi wake. Kipimo kibaya kilichofanywa mita 15 kutoka kwenye hanga kirudiwe uwanjani kabla hakijamfikia fundi.

Sasa daftari lenyewe. Kauntabuku la kwaya 2 na rula vinatosha, kama kanuni za ndege yako hazijataja fomu maalumu. Namba za kurasa zijazwe kabla ya kuanza ili ukurasa uliochanwa ujulikane. Piga mistari ya safu: tarehe, mahali, namna ya kipimo, kituo na masafa, mstari uliotarajiwa, redio ya 1 ilisomaje, redio ya 2 ilisomaje, kosa la kila moja, saa ambazo ndege imesharuka, jina na saini. Zimezidi zile nne za kanuni, na kila iliyozidi ina kazi yake. Mahali paandikwe kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kwenda kusimama hapo hapo. "Zanzibar" si mahali. "Kiembe Samaki, maegesho ya ndege ndogo, pua ikitazama kusini" ni mahali.

Mstari wa mfano ungekuwa hivi: "12 Machi, maegesho, mahali pa alama, ardhini, mstari uliotarajiwa 184, redio 1: 185 FROM, redio 2: 187 FROM, kosa +1 na +3, saa 1,412.6, saini." Alama ya kujumlisha au kutoa isiachwe kabisa. Ukurasa wa kwanza uandike mwafaka wako: kujumlisha ni pale redio inaposoma zaidi ya ukweli, kutoa ni pale inaposoma pungufu. Bila alama, kosa la 3 la Februari na kosa la 3 la Machi yataonekana sawa, kumbe redio imehama digrii 6 kutoka upande hadi upande, na hiyo ni redio iliyolegea kitu ndani.

Andika kwa kalamu ya wino isiyofutika na maji. Penseli hapana, na ile dawa nyeupe ya kufutia hapana. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, andika sahihi pembeni, tia herufi za jina lako. Kipimo kilichovuka kiwango nacho kiandikwe kama kilivyo, kikifuatiwa na kilichofanywa baadaye: redio imezuiwa kutumika kwa safari za vyombo, imepelekwa kwa fundi, imerudi tarehe fulani na kupimwa upya. Watu huona haya kuandika kushindwa. Lakini daftari lisilo na kosa hata moja kwa miaka mitano, kwenye ndege inayolala ufukweni, mnunuzi mwenye akili halimpi imani, linamtia shaka.

Nambari zikishakusanyika zinaanza kusema wapi pa kutazama, na hapa fundi anaokoa saa nyingi. Redio zote mbili zikihama pamoja, upande mmoja, tazama antena, waya wake na kigawanyo. Ikihama moja tu, shida iko kwenye redio hiyo au saa yake ya mshale. Kama ni za aina moja, fundi huzibadilisha nafasi, na kosa likimfuata sanduku ni la sanduku, likibaki pale pale ni la waya au la saa. Mabadilishano hayo yaandikwe pamoja na namba za redio zilizogongwa kwenye vibao vyake, la sivyo "redio ya 1" ya Aprili si redio ya 1 ya Mei na mlolongo wote wa nambari umekatika. Kosa likija siku za mvua tu na kutoweka jua likiwaka, maji yameingia kwenye kikalio cha antena. Kosa likibadilika ndege inapogeuka, antena ina sharubu moja lisilofanya kazi au plagi yake imelegea.

Hewa yetu ya chumvi ndiyo mchawi mkubwa. Plagi ya waya wa antena huota ukungu wa kijani ndani ambako jicho halifiki, hasa mkiani, kwani huko hakufunguliwi mpaka ukaguzi wa mwaka. Isafishwe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, wala si kwa msasa. Msasa hutoa madini yaliyopakwa juu na baada ya hapo kutu hula kwa haraka zaidi. Mpira wa kuzuia maji ukishakauka ubadilishwe, usipakwe gundi. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, na tarehe yake iingie kwenye daftari la vipimo pia, si kwenye kitabu cha injini na mwili wa ndege peke yake, ili mtu aone kama nambari zilibadilika baada ya kusafisha.

Vyombo vingine tutavipitia kwa haraka. Dira ya sumaku ina kikadi chake cha makosa, na kikadi hicho kina tarehe. Kila ilipobadilishwa injini, ilipowekwa redio mpya au ndege ilipopigwa na radi, dira izungushwe upya: ndege isimamishwe katika pande 12, kila digrii 30, mbali na mabati, magari na zege lenye nondo, injini ikiwaka na redio zikiwa zimewashwa kama zinavyokuwa safarini. Andika nambari za dira redio zikiwaka na zikizimwa. Na simu iliyobandikwa kwa sumaku kwenye dashibodi iondolewe. Inaharibu dira kuliko miaka 10 ya uchakavu.

Altimita, chombo cha kuonyesha kimo cha ndege, hupimwa kila asubuhi bila gharama. Weka kipimo cha hewa ulichopewa na mnara wa kuongozea ndege, soma futi, linganisha na mwinuko wa mahali uliposimama. Kwa desturi ya Marekani, ikikosea zaidi ya futi 75 haiaminiki mpaka ionwe na fundi. Uwanja wa Kiembe Samaki uko chini mno, haufiki futi 60 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo altimita iliyo ndani ya kiwango hicho inaweza kabisa kukuweka chini ya bahari nawe umeketi maegeshoni unakunywa maji. Andika kosa na kipimo cha hewa cha siku hiyo. Hektopaskali 1 ya kipimo hicho huku chini ni kama futi 27, na mara nyingi "kosa la altimita" ni rubani aliyesikia 1011 akaweka 1013. Kipimo cha karakana kwa Marekani ni kila miezi 24: cha altimita kwa ndege za safari za vyombo, na cha transponda, chombo kinachoijibu rada, kwa kila ndege inayoitumia. Kwa za 5H fuata mpango wa matengenezo uliokubaliwa na TCAA.

GPS haina digrii za kuandika, ina tarehe. Data zake za urambazaji hubadilishwa kila siku 28, siku ya Alhamisi, duniani kote. Andika tarehe ya kuanza na ya kwisha ya data zilizomo, nani aliziingiza, na kama uwezo wa GPS kujikagua yenyewe ulikuwapo kabla ya safari. Anayesema GPS imeifuta VOR tunamkumbusha asiache mbachao kwa msala upitao: ishara ya setilaiti hufika ardhini ikiwa dhaifu sana, na kuivuruga ni rahisi kuliko kuvuruga kituo cha ardhini.

Mwenye ADF bado, redio ambayo mshale wake huelekea kituo cha ardhini, kwenye kila kipimo aandike saa ya siku na kama alikuwa anavuka pwani. Mawimbi inayoyapokea ADF hupinda yanapotoka nchi kavu kuingia baharini, zaidi yakikata pwani kwa pembe nyembamba, na usiku huyumba. Visiwani kwetu kila safari ni pwani. Bila maelezo hayo fundi atakifungua chombo kizima kisicho na kosa.

Daftari likae ndani ya ndege kwa sababu rubani anayeikodi au kuiazima ana haki ya kuliona kabla ya kuwasha injini. Lakini kila baada ya kipimo ukurasa upigwe picha kwa simu na picha ibaki nchi kavu kwa mtu mwingine. Ndege ikiibiwa, ikiungua au ikizama, kumbukumbu isiende nayo.

Mwisho tuna ombi kwa wanaosimamia viwanja vya Unguja na Pemba. Mpango wa kimataifa wa viwanja vya ndege unayo alama yake ya kupimia VOR: duara la kipenyo cha mita 6 lililopakwa ardhini, mstari wake upana wa sentimita 15, na pale ambapo ndege inatakiwa kutazama upande fulani, mstari wenye mshale hupita katikati. Kando yake husimama kibao cha maandishi meusi juu ya manjano chenye neno VOR, masafa ya kituo, digrii ambazo rubani anatakiwa kuzisoma, na umbali kama kituo kina DME, mtambo wa kupimia umbali. Penye alama hiyo rangi isiachwe ikapauka, na digrii zilizo kwenye kibao zihakikishwe kila kituo kinapopangwa upya. Pasipo nayo, mahali pachaguliwe pasipo na chuma karibu na pasipozuia njia ya ndege kubwa. Duara moja kwa kila kiwanja linatosha. Rubani ataegesha juu yake, ataandika nambari mbili, atatia saini, ataondoka, dakika 5.

Ni sisi mafundi wa redio na vyombo vya ndege,
Kiembe Samaki, Unguja.